Babangu, kuhusu hiyo tuktuk yako

Kwema babangu? Najua ushaona ni mimi ukasema ah, mzee kaanza tena, lakini soma manake kwa simu hushikiki, kila nikipiga uko mazoezini Makande.

Mamako kaniambia hela unazopewa na timu wataka ununue tuktuk, mimi nijazie zilobaki, halafu umpe rafikiyo aendeshe. Nikamuuliza kwani yeye mwenyewe hawezi kuendesha? Ati wachezaji wenzako watakuona. Haya.

Antoine Walker si wamjua, yule mchezaji wa kikapu wa NBA kule Marekani, ulinionesha wewe klipu zake, alochukua ubingwa na Miami Heat 2006. Mishahara ya kucheza tu ilipita dola milioni 100. Mwaka 2010 akaenda kotini kusema kafilisika, madeni yapita milioni 12, na mali zote alobaki nazo hazifiki hata 5. Pete ya ubingwa ikauzwa! Magari, kamari, ndugu na marafiki wote wamlalia yeye, lakini kilonishtua zaidi ni yale majumba ya Chicago, mikopo kaidhamini kwa jina lake mwenyewe na hiyo biashara waiendesha watu wengine, soko lilipoanguka wenye pesa zao wakamjia yeye.

Sasa Junior Bridgeman humjui, naye mchezaji wa NBA, huyo kastaafu 1987. Miaka 12, karibu yote Milwaukee Bucks, na mara nyingi akianzia benchi. (Bucks walimpata 1975 kwenye yale mabadilishano ya kumpeleka nyota wao Kareem Abdul-Jabbar timu ya Lakers, fikiria watu wa Milwaukee walivyonuna.) Mwaka alolipwa vizuri kuliko yote hakuzidi dola 350,000. Na kafariki 2025 akiwa bilionea.

Kafanyaje? Wendy's, wale wauza baga. Ligi ikifungwa wenzake wakienda kustarehe yeye aingia humo mkahawani kujifunza kazi, mchezaji anayejulikana mji mzima, na wala hakuona haya. Mpaka akawa na mikahawa zaidi ya 100. 2016 akaiuza akaingia kwenye kutia Coca-Cola kwenye chupa, na 2024 akanunua asilimia 10 ya Bucks, timu ile ile ilokuwa ikimkalisha benchi wallahi!

Nakwambia haya kwa sababu mimi ni Walker wa Mombasa, ila bila ile pete. Kiinua mgongo changu unajua kilikwenda wapi, ile nissan ya matatu, na mimi hata sauti ya gea mbovu siijui. Wiki ya kwanza hesabu yaja vizuri, ya pili ati polisi, ya tatu spea, kila nikiuliza naambiwa neno la injini nisilolielewa nami natikisa kichwa kama fundi. Miezi minane ikawa juu ya mawe, kuku wa jirani wataga ndani.

Kwa hivo nitakujazia, sijakataa. Ila nishaongea na jirani yetu mwenye tuktuk, ukishapata leseni utaendesha yake miezi mitatu, asubuhi kabla ya mazoezi, mafuta ujaze wewe, pancha ikipasuka utajua wewe. Jumatatu saa kumi na mbili tukutane steji ya Buxton tuanze hiyo habari ya leseni. Na siku ukimbeba mwenzako wa timu, mtoze nauli kama watu wote.

Babako