Mhariri, "si" yangu mliipeleka wapi?

Mhariri, salamu. Mwezi uliopita niliwaletea barua fupi kuhusu watu wanaopuuza utabiri wa hali ya hewa halafu wanabaki kulalamika, nikamalizia na sentensi moja, "Si tuliambiwa mvua ni kubwa?" Gazeti likatoka nikaona nimeandikiwa "Hatukuambiwa mvua ni kubwa." Jirani akanipigia hapohapo, ananiuliza we vipi, taarifa imesomwa redioni siku 3 mfululizo halafu unawadanganya watu. Nikakosa la kumjibu.

Najua ilivyokuwa. Msahihishaji wenu kaona "si", kichwani mwake "si" ni kukana basi, akainyoosha. Sasa mwambieni hivi, "si" ya kukana ipo kweli, mimi si mwizi, hilo si lako, lakini ipo na ile nyingine ya kumkumbusha mtu kitu anachokijua kabisa. Nikikwambia "si nilikwambia?" maana yake nilikwambia, tena ulisikia. Halafu ipo ya kubembeleza, "si uje basi", hapo hakuna anayemkataza mtu kuja. Chukua hii: "Si Juma aliyevunja kikombe." Itamke ukishusha sauti, Juma amepona. Ipandishe mwishoni kama unauliza, Juma kaisha. Maneno ni yaleyale, mdomoni hatukosei, ila kwenye karatasi sauti haipo, imebaki alama ya kuuliza tu ndiyo inatusaidia, na yenyewe mliifuta.

Tangu siku hiyo haka kaneno kamenikaa kichwani. Kuna programu ya simu najifunzia Kihispania, jioni moja niko sebuleni narudia "sí, sí, sí", mwanangu akaniuliza, baba mbona unakataa kila kitu? Nilicheka sana, maana kule ndo ndiyo yenyewe. Imetoka kwenye Kilatini, sic, yaani "hivyo", Walatini hawakuwa na neno moja la kukubali kama sisi tulivyozoea, mtu akikubali anarudia kitenzi au anasema hivyo. Na sisi je, si tunaitikia "ndivyo"? Njia ni ileile. Dante, yule mshairi wa Italia, mwanzoni mwa karne ya 14 aliziainisha baadhi ya lugha za Ulaya kwa neno la kukubali, wanaosema sì, wanaosema oc, na wanaosema oïl ambayo baadaye ikawa oui ya Wafaransa. Jina la Languedoc, eneo la kusini mwa Ufaransa, ndo limetokea hapo, lugha ya oc.

Wafaransa waliponifurahisha zaidi ni hapa. Wana oui lakini wana si pia, na hiyo si ni ya kumpinga mtu aliyeuliza kwa kukana. Ukimuuliza "hujala?" na yeye ameshakula hasemi oui, anasema si! Sisi hapo huwa tunawachanganya sana wageni wa Kiingereza, mtu anaulizwa hujala anajibu "ndiyo" akimaanisha ndiyo sijala, mgeni anaondoa sahani.

Ukienda Indonesia au Ufilipino ndo utachoka kabisa. Kule "si" inakaa mbele ya jina la mtu, kwa Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, "si Maria" ni Maria mwenyewe huyohuyo anayezungumziwa. Mpe msahihishaji wenu sentensi hiyo, atamfuta Maria wa watu. Na Wachina, sì ni nne, sauti ikigeuka kidogo inakuwa kufa, ndo maana majengo mengi kule utakuta hayana ghorofa ya 4. Angalau wao wanajua kwamba sauti ni sehemu ya neno.

Ile si ya do re mi wala sio neno, ni herufi mbili za Sancte Iohannes, Mtakatifu Yohana, zimetoka kwenye wimbo wa kanisani ambao mtawa Guido wa Arezzo aliutumia karne ya 11 kufundishia noti, yeye akiishia noti ya "la", si ikaongezwa baadaye. Waingereza wakaja kuigeuza ti ili isigongane herufi ya mwanzo na noti ya sol. Hiyo nimeiweka tu kwa kuwa imenifurahisha.

Ombi langu ni dogo. Chapeni sahihisho, hata mstari mmoja kwenye kona, kwamba tuliambiwa mvua ni kubwa, nikamwonyeshe jirani. Na msahihishaji akikuta "si" kwenye barua ya msomaji aisome kwa sauti kwanza kabla hajashika kalamu. Hii ya leo naomba msiiguse kabisa, hasa pale kwa Juma na kikombe. Ila mtaigusa tu, si ndo nyie.

Msomaji wenu wa siku nyingi