Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Ile Meli ya Redio ya Mto Blackwater

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzee wetu, fundi mkuu mstaafu wa injini za meli, shikamoo. Mama naye shikamoo. Mwenyekiti, mweka hazina, wazee wetu, kina mama mlioko jikoni, vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka anisamehe maana hii maiki yenyewe inakatakata.

Sisi ni Waswahili tunaoishi huku Essex na mashariki ya London, wengine wa Tanga, wengine Mombasa na Unguja, wawili wa Bujumbura na mmoja wa Kalemie ambaye anashikilia kwamba ziwa Tanganyika ndo bahari yenyewe, leo hatubishani naye. Shughuli za kikundi unazijua mzee, kuzikana, kuozana, kuchangiana mtu akilazwa. Ila tangu mwaka juzi tumejiongezea nyingine ambayo imetuletea maneno, nayo ni kwenda kukwangua kutu kwenye meli ya zamani ya Radio Caroline, ile redio ya baharini, meli yenyewe inaitwa Ross Revenge, imelala nangani kwenye mto Blackwater huku Essex, na kuichangia hela kidogo kila tukikaa kikao. Hilo ndilo tumekuitia hapa.

Maneno yenyewe yalianzia kwenye grupu la WhatsApp. Mwenzetu mmoja akaandika, jamani Waswahili na meli ya disko ya Wazungu wapi na wapi, si bora hizo hela tupeleke madrasa? Swali la haki kabisa, na hela za madrasa hazijaguswa hata senti, mweka hazina yuko hapa muulizeni. Lakini hatukumjibu vizuri siku ile, wakatupiana vikatuni mpaka usiku, kwa hiyo leo tunamjibu mbele yako mzee.

Mwaka 1964 hapa Uingereza redio ilikuwa ya BBC tu, na muziki wa vijana ulipimwa kwa kijiko. Kijana mmoja wa Kiairishi, Ronan O'Rahilly, akachukua meli, akaifunga mtambo kule Greenore Ireland kwenye bandari ya baba yake, akaja kutia nanga nje ya pwani ya Suffolk, nje ya maili 3 ambapo mkono wa serikali ulikuwa haufiki. Mwezi wa tatu mwaka ule ule Radio Caroline ikaanza kusikika. Hakuvunja sheria ya nchi kwa sababu hakuwa ndani ya nchi, na hapo ndo utamu wa hadithi ulipo, mtu kasimama mlangoni kwako anapiga ngoma, watoto wote wa nyumba wanacheza, na wewe huwezi kumtoa maana hajakanyaga kizingiti. Serikali ikatafuta njia nyingine, Agosti 1967 ikaanza kutumia sheria mpya kwamba Mwingereza akiifanyia kazi redio ya baharini, akiipelekea chakula au akiipa tangazo la biashara ni kosa. Stesheni za baharini karibu zote zikazima, Caroline ikaendelea, mwezi mmoja na nusu baadaye BBC nao wakafungua Radio 1 kuwapa vijana muziki ule ule. Mnaona wenyewe nani alimfundisha nani.

Baada ya hapo ni misukosuko mtindo mmoja. 1968 matagi yakaja kuzivuta meli zao kwa madeni. Wakarudi miaka ya sabini na meli inaitwa Mi Amigo, nayo ikazama Machi 1980 kwenye mchanga wa Long Sand, mabaharia wakaokolewa na boti la uokoaji pamoja na ndege wao wa kwenye tundu, aliyekuwa anaitwa Wilson, jina la yule waziri mkuu aliyewapitishia sheria! Meli ikakaa chini na mlingoti wake ukabaki umesimama juu ya maji kwa miaka.

Ross Revenge ndo iliyofuata. Mzee wewe utaipenda hii, kwa sababu haikuzaliwa meli ya redio, ilizaliwa ya kuvua samaki, imeundwa Bremerhaven Ujerumani mwaka 1960 kwa ajili ya watu wa Iceland, halafu 1963 ikanunuliwa na kampuni ya uvuvi ya Grimsby, ikarudi kuvua kwenye maji ya hao hao Waiceland mpaka wakati wa ile vita ya samaki aina ya cod, ugomvi wa Uingereza na Iceland juu ya maji ya kuvulia. Imejengwa kupigwa na bahari ya kaskazini, chuma si cha mchezo. Watu wa Caroline wakaipeleka Santander Spain, wakamwaga zege kwenye ngama, yaani tumboni chini, iwe farumi, uzito wa kuituliza meli, juu wakasimamisha mlingoti wa futi 300 hivi. Hebu fikiria mzee, futi 300 juu ya meli! Agosti 1983 ikaanza kurusha. Mlingoti ulidumu miaka minne tu, tufani kubwa ya Oktoba 1987 ikaulegeza, mwezi uliofuata ukaanguka, na wale jamaa hawakukaa kulia, wakafunga nyaya walizonazo wakarudi hewani.

1989 maofisa wa Uholanzi wakipanda na Waingereza wakishuhudia wakang'oa mitambo wakaondoka nayo, wenyewe wakabaki na meli iliyotobolewa tobolewa, na baada ya wiki chache ikasikika tena. Kilichoinyamazisha ni sheria mpya ya 1990 iliyoruhusu kupanda meli kwa nguvu hata ikiwa nje, Novemba mwaka huo ikazima. Mwaka uliofuata, Novemba 1991, usiku wa dhoruba mnyororo wa nanga ukakatika, meli ikakokotwa mpaka Goodwin Sands. Wewe umepita Dover maisha yako yote mzee unaijua Goodwin, ule mchanga ukishakushika haukuachii. Mabaharia walitolewa na helikopta. Lakini meli ikanasuliwa, ikavutwa Dover, ikakaa pale na madeni yake.

Hapa ndo panaponishika mimi. Pale Dover meli ilikuwa haina kazi, haina leseni, haina hela, imebaki chuma cha kuuza kwa kilo. Wasikilizaji ndo walioiokoa. Watu wa kawaida kabisa, fundi umeme, dereva, mwalimu, wakaja wikendi na ovaroli zao na sandwichi zao, wakachanga, wakalipa, wakakwangua, na 1993 ikatoka ikaenda Blackwater. Imehama hama tena, imekaa Tilbury miaka, tangu 2014 iko Blackwater. Hata watangazaji wa Caroline mpaka leo hawalipwi, mtu anakuja kutangaza na kabla hajatangaza anaweza kupewa ndoo. 2017 mamlaka ya mawasiliano ikawapa leseni halali, Desemba mwaka huo wakaingia masafa ya 648 AM, masafa yaliyokuwa ya BBC World Service, tena kwa mtambo ulioko Orford Ness, pale pale BBC walipokuwa wanarushia. Yaani aliyefukuzwa mlangoni kwa miaka yote ile amekuja kupewa chumba cha mwenye nyumba.

Sasa tuje kwetu. Sisi tulifika vipi? Mwenzetu mmoja anaendesha basi huku Colchester, redio yake ya nyumbani imekwama kwenye 648, akasikia wanaomba watu wa kujitolea, akatuma vois kwenye grupu. Tukaenda watano. Boti dogo linalokupeleka mpaka kwenye meli siku ile lilikuwa linarukaruka, na aibu yetu tunaisema hapa hapa, aliyetapika wa kwanza ni mtu wa Tanga mtoto wa mvuvi, yule wa Kalemie alikaa ametulia anakula karanga. Mbele unaiona inakuja, nyekundu, kubwa kuliko ulivyodhani, omo, yaani pua yake ya mbele, imesimama juu kama ukuta wa ngome.

Tulipewa vikwangulio na nyundo ndogo za ncha. Mimi nilipangiwa kipande cha ukuta wa sitaha kama urefu wa mlango. Unagonga, rangi inapasuka, unakwangua, chini yake rangi nyingine, chini tena nyingine, miaka ya watu imelala pale, halafu ghafla inakuja kutu yenyewe inadondoka vipande kama maandazi yaliyoungua, unaendelea mpaka chuma kinang'aa, na kikishang'aa usikiache hata saa moja, chumvi ya hewani inakirudisha, ni kupaka praima hapo hapo. Masaa manne mazima nimemaliza ule mlango mmoja. Nikanyoosha mgongo nikatazama meli yote ilivyo ndefu, nikacheka peke yangu. Mzee mmoja wa Kiingereza, nywele nyeupe pee, akanimiminia chai akaniambia yeye amekwangua upande ule ule mara tatu katika maisha yake. Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anayekwambia ana wajukuu watatu.

Basi tukatoa mahamri tuliyobeba. Yakaisha. Safari iliyofuata wakauliza mahamri kabla hawajatusalimia.

Kwa yule mwenzetu wa madrasa, jibu letu ni hili. Kila mtu hapa ukumbini wa umri wangu na kuendelea amelelewa na redio. Baba yangu alikuwa anapanda juu ya bati na waya wa antena kutafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC na Sauti ya Ujerumani, sauti inakuja inapotea kama mtu anayeongea kwenye upepo, na sisi chini hakuna kukohoa. Na meli ya zamani ni nani asiyeijua. MV Liemba ya Kigoma iliundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa makusudi vitani 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kubeba watu 1927. Ndugu zetu wa Bujumbura na Kalemie wana cha kusema kuhusu Liemba kuliko mimi. Hatukuona ajabu kuishikia kikwangulio meli nyingine ya Kijerumani iliyokataa kufa.

Mafanikio tuliyonayo si makubwa, tusijidanganye. Tumeenda mara tisa. Tumenunua makopo ya rangi, glavu na brashi za waya, zote kwa michango ya vikao. Vijana wetu wawili wamefundishwa na mafundi wa pale kusoma jenereta kwa sikio. Changamoto ni nauli ya boti, baridi ya Februari ambayo sina maneno yake, na kwamba wengi wetu tunafanya kazi Jumamosi.

Changamoto kubwa ni ya meli yenyewe. Juu tunaweza kukwangua mpaka kiama, ila mkuku, ule uti wa chini wa meli, na ubavu uliomo majini hauguswi mpaka meli ipande chelezo, yaani itolewe majini, na meli ya chuma ya mwaka 1960 haiwezi kukaa hivi hivi ikitegemea rangi ya juu. Chelezo ni hela nyingi, matagi ya kuivuta peke yake ni hela, na meli haina mwenyewe tajiri, ina watu tu. Ndiyo maana wanachanga huku na huku, paundi tano, paundi kumi.

Kwa hiyo mzee tuna maombi mawili. La kwanza, utuongozee harambee ya leo, iingie kwenye mfuko wa chelezo, na uanze wewe ili hawa wenye magari mazuri hapo nje wasipate pa kujificha. La pili ndo tunalolitaka zaidi. Umefungua injini za meli miaka arobaini, sisi tunajua kukwangua tu. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tunaenda, boti linaondoka saa tatu asubuhi, na tungependa uwafundishe wale vijana wawili kushika pampu za ngama maana wakiziona wanaziogopa. Mama tumeshamuomba ruhusa, amesema twende nawe ila tukurudishe mkavu.

Zawadi yako iko kwenye ule mfuko wa bluu, ni kikwangulio, mpini tumeuzungushia waya wa shaba. Usikifungue kwa meno, ni kikali.

Ahsante kwa kutusikiliza. Tunaomba kuwasilisha.