Kwa mpwa wangu, kuhusu pampu isiyotii amri

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia kuwa umenunua Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu, pamoja na boksi zima la sensa, na kwamba siku ya nne sasa hulali kwa sababu pampu ya kumwagilia mchicha haitii amri. Umenipigia simu mara tatu, na mara zote umenisomea programu mstari kwa mstari, lakini hukunieleza hata mara moja waya upi umeuchomeka wapi. Ndiyo maana nakujibu hadharani, kwa kuwa wengi wanaoanza kujifunza maikrokontrola, yaani chipu zenye kompyuta ndogo ndani yake, hukwama kwenye waya hizohizo.

Programu yako ya pampu haina kosa; nahisi pampu umeichomeka moja kwa moja kwenye pini, yaani tundu la bodi la kupitishia umeme na ishara. Pini moja ya ATmega328P, ambayo ndiyo chipu ya Uno ya kawaida (R3), haifai kubebeshwa zaidi ya miliampia 20, na kikomo chake cha mwisho ni 40; pampu, hata iwe ndogo ya kuchezea, hutaka miliampia mia na zaidi. Weka transista au moduli ya rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo wa pini) katikati, ipe pampu betri yake, funga dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na mota, kisha unganisha GND (upande hasi) ya betri na GND ya bodi, maana bila hiyo transista haitajua kuwa pini imewaka. Mimi niliwahi kuunguza pini namba 9 kwa mtindo wako huohuo. Bodi iliendelea kufanya kazi kwingine kote kana kwamba hakuna lililotokea, nami nikamaliza wiki nzima nikirekebisha programu isiyo na kosa lolote.

Kuhusu kitufe kinachojibonyeza chenyewe usiku, hakuna jini. Pini ya kuingizia isiyounganishwa na kitu haisomi sifuri. Inaelea, yaani husoma chochote kati ya sifuri na moja, na ukiupitishia mkono waya wake utaona taa inapepesa. Andika INPUT_PULLUP kwenye pinMode (amri ya kuipangia pini kazi) ili pini ivutwe juu isielee, kitufe ukiunganishe kati ya pini na GND, na ukumbuke kwamba sasa kikibonyezwa kinasomeka LOW, yaani sifuri, jambo ambalo huwachanganya wengi siku ya kwanza. Vilevile vyuma vya ndani ya kitufe hudunda vinapogusana, hivyo mbonyezo mmoja unaweza kuhesabiwa mara tano. Subiri milisekunde 50 kabla ya kuuamini.

Tabia ya kutumia delay, amri ya kuisimamisha programu kwa muda, kila mahali uiache mapema, kwa sababu wakati huo bodi haisikii kitufe wala sensa. Tumia millis, inayokupa milisekunde zilizopita tangu bodi iwashwe, na muda uuhifadhi katika unsigned long, aina ya namba yenye nafasi kubwa. Ukiuweka katika int, aina ya namba yenye nafasi ndogo, ambayo kwenye Uno huishia 32,767, hesabu itavurugika baada ya sekunde 32 hivi, nawe utadhani bodi ni mbovu. (Na kompyuta ikikataa kabisa kuiona bodi, badilisha kebo ya USB kwanza, kwani nyingine ni za kuchajia simu tu na hazipitishi data.)

Kwa sasa chomoa pampu na sensa zote. Baki na taa moja ya LED, rezista ya omu 220 na kitufe, mpaka taa iwake na kuzimika kila unapotaka wewe. Kisha rudisha kifaa kimoja kimoja. Ukikwama, pima kwa multimita, kile kipimo cha umeme, volti kati ya pini na GND, andika namba uliyoipata, unitumie pamoja na picha ya waya. Programu utanisomea baadaye.

Mjomba wako