Wifi yangu, kwenye mtihani nesi ni wewe

Wifi, nakuandikia hapa wazi maana najua hapa Lowell na kwingine Marekani mko wengi, ma-CNA (wasaidizi wa manesi) mliomaliza shule ya LPN (nesi anayefanya kazi chini ya RN) mnasubiri ATT (kibali cha kufanya mtihani) mkafanye NCLEX-PN (mtihani wa leseni ya LPN), na kila nikipigiwa simu swali ni moja tu, nisome kitabu gani. Vitabu ulivyonavyo vinatosha wifi. Mimi wasiwasi wangu ni ile kazi ya CNA ilivyokukaa mwilini.

Miaka yote nursing home, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ukiona mgonjwa hayuko sawa unafanyaje? Unamwambia nesi, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa kwenye mtihani nesi ni wewe. Swali linakuja, mzee wa kisukari ghafla anaongea vitu havieleweki, na hapo kwenye majibu kuna "mjulishe RN", yaani nesi mkuu wako, najua jicho lako litakimbilia hapo hapo. Ngoja kwanza, sukari umempima? Maana RN akipokea simu atauliza sukari ngapi, presha ngapi, oksijeni ngapi, na wewe huna kitu mkononi. Kusanya kwanza ndio uripoti, labda swali lenyewe liwe limeshakupa vipimo vyote, hapo usipime tena, tenda au toa taarifa.

Ila na upande wa pili usipitilize. Mgonjwa ndio kwanza analazwa, ile tathmini ya kwanza ni ya RN, na kumfundisha mtu kwa mara ya kwanza kujichoma insulini ni ya RN pia, wewe unabaki na yule aliyetulia, unamkumbusha alichofundishwa na unaangalia kama anakifanya sawasawa. Kila ukifanya mazoezi jiulize hili, hii kazi ni ya kwangu, ya RN au ya CNA? Nakuomba sana usiliruke.

Kwenye dawa anza na zile zinazoweza kuua mtu. Digoksini, ile dawa ya moyo, kwa mtu mzima unahesabu mapigo dakika nzima, yakiwa chini ya 60 humpi, unatoa taarifa. Potasiamu haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa, kamwe. Warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, angalia INR, kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda. Na hesabu za pauni kwenda kilo, unagawa kwa 2.2, zifanye kila siku.

Kuhusu kompyuta ya mtihani, tangu Aprili 2023 maswali ni kuanzia 85 mpaka 150, saa 5, na ukishapita swali hurudi nyuma. Ukipatia inakuletea gumu zaidi kwahiyo yakizidi ugumu usife moyo, na ikizima kwenye 85 haimaanishi umefeli wala umefaulu, mashine imeshapata uhakika wake tu. Yale ya kuchagua yote yanayofaa usitiki ovyo kwa kubahatisha, ukichagua lisilo sahihi linakula maksi ya lililo sahihi.

Na tafadhali wifi yangu, wiki ya mtihani usichukue dabo, zamu mbili mfululizo, hata wakikubembeleza vipi kazini. Kichwa kilichokesha hakisomi swali mpaka mwisho. Jina kwenye kitambulisho lifanane na la kwenye ATT, liangalie leo hii maana wewe una majina ya kwetu na ya mume. Ukishapata tarehe nitumie nipange ofu yangu, watoto watalala kwangu kuanzia usiku wa kuamkia mtihani.