Jenerali Ndolo si kesi ya 1971 pekee

Mhariri,

Kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya) ikiwadia, makala kuhusu jeshi letu huwa tele. Jina la Meja Jenerali Joseph Ndolo likijitokeza humo, huwa ni katika sentensi moja tu: alijiuzulu ukuu wa majeshi mwaka 1971 baada ya kutajwa katika kesi ya njama ya mapinduzi. Nukta. Hapo hatumtendei haki.

Ndolo alilelewa na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo kwa miongo mingi halikumruhusu Mwafrika kuwa afisa kamili. Hata cheo cha effendi kilipoletwa miaka ya hamsini, mwenye nacho alikuwa juu ya sajini lakini chini ya kijana yeyote wa Kizungu aliyetoka Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, juzi. Mwaka 1961 ndipo maeffendi wachache, Ndolo na Jackson Mulinge wakiwamo, walipopata kamisheni. Mwishoni mwa 1966 Ndolo alikuwa brigedia na kamanda wa jeshi la nchi kavu, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Miaka mitano! Siku hizi afisa huimaliza bila hata kuunusa umeja.

Wapo watakaosema ilikuwa bahati, Waingereza walikuwa wanafungasha na Wakamba kama yeye walikuwa wengi kambini. Bahati sikatai. Lakini tutazame alichorithi. Januari 1964, uhuru ukiwa haujatimiza hata miezi miwili, wanajeshi wa kambi ya Lanet, Nakuru, waliketi kando ya redio jioni wakitarajia kumsikia Kenyatta akizungumzia mishahara yao. Hawakusikia walichokingoja, wakavunja ghala la silaha. Waliouzima uasi huo ni askari wa Uingereza, aibu kwa taifa changa, na jeshi letu likaendelea kuongozwa na Brigedia Hardy, Mwingereza, hadi 1966.

Ndolo akakabidhiwa jeshi hilo lenye kidonda huku vita dhidi ya shifta, waasi waliotaka eneo la kaskazini mashariki lijiunge na Somalia, vikiendelea. Vita hivyo vina doa lake. Raia wa kaskazini mashariki waliswagwa kwenye vijiji vya kulazimishwa, na kamanda hawezi kukwepa sehemu yake ya lawama. Simwombei utakatifu. Naomba aandikwe mzima, mabaya na mazuri, kama tunavyowaandika wanasiasa wa enzi ile.

Kuhusu 1971: hakushtakiwa. Kitili Mwendwa, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, naye alitajwa na akajiuzulu, ila yeye angalau bado hukumbukwa kwa kuvunja mwiko ule wa mahakama. Mwanajeshi ndiye aliyebakishiwa kesi peke yake.

Ombi langu ni dogo. Waliovaa sare chini ya Ndolo na wangali hai sasa ni wazee sana, na hawatatungoja. Tuma mwandishi awahoji. Nani aliwafundisha kazi Waingereza walipoondoka? Amri kambini zilitolewa kwa lugha gani? Mshahara uliowaudhi wenzao wa Lanet ulibadilika lini, na kwa kiasi gani? Kesi yenyewe tumeisoma ya kutosha.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Jericho, Nairobi