Barua ya wazi kwa vijana wa Mwanza waliopiga makofi

Wanangu,

Marahaba kwanza, maana mlinisalimia vizuri mlipoingia ukumbini. Hamna utovu wa adabu. Lakini jioni ile nilirudi Nyegezi nimeudhika, na bado sijatulia.

Mwenzenu alishika maikrofoni akasema mambo ya anga za juu yaachiwe mataifa yenye fedha. Siku hizi kampuni binafsi zinauza kila kitu, picha, intaneti, hata nafasi kwenye roketi, kwa hiyo kazi yetu ni kulipia. Mkapiga makofi ukumbi mzima.

Sikatai kununua. Kenya walirusha setilaiti yao Taifa-1 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, kampuni binafsi ya Marekani, na Waganda wakapeleka setilaiti yao ya kwanza 2022 ndani ya chombo cha mizigo cha kampuni. Walifanya vyema. Tangu roketi zianze kutua na kurushwa tena, gharama imeshuka na mlango umefunguka kwa wengi. Ninachokataa ni kununua umefumba macho, hasa kitu kinachogusa ulinzi wa nchi.

Tazameni Ukraine. Tarehe 24 Februari 2022, muda mfupi kabla ya vifaru vya Urusi kuvuka mpaka, wadukuzi waliua makumi ya maelfu ya modemu za mtandao wa setilaiti wa kampuni ya Viasat. Siku mbili baadaye waziri wao akamwomba Elon Musk, mkuu wa SpaceX, msaada hadharani mtandaoni, na vifaa vya Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni hiyo, vikafika ndani ya siku chache. Viliwaokoa kweli. Ila mwaka huohuo Musk mwenyewe alikataa kuwawashia huduma karibu na Crimea, rasi yao iliyotekwa na Urusi, na Machi 2025 Marekani ikawazuilia kwa muda picha za setilaiti za kampuni ya Maxar walizokuwa wakizipata kupitia mfumo wa serikali yake. Nchi iko vitani, na swichi iko mkononi mwa mtu mwingine!

Msiseme hayo ni ya Ulaya. Baada ya kustaafu upimaji ardhi niliitwa kusaidia ofisi moja huku kando ya ziwa. Walikuwa wakinunua picha za setilaiti kufuatilia magugu maji. Mkataba ukaisha, huduma ikakatwa, na picha za miaka yote zikabaki kwenye kompyuta za muuzaji. Nakala hakuna, isipokuwa moja iliyochapishwa na kubandikwa ukutani. Nikamwita kijana aliyekuwa akizisimamia, nikaweka kidole juu ya doa la kijani katika Ghuba ya Mwanza: hili ni magugu au mwani? Akanijibu, "Babu, programu ndiyo ilikuwa inatuambia."

Ana shahada, anakunywa maji ya ziwa hilohilo, na hawezi kulisoma! Sisi tulikalishwa mezani na stirioskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, na picha mbili zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ukitazama mpaka kilima kinainuka mbele yako, na ukikosea mkuu wako anakurudisha uanze upya. Hatukuwa na akili kuliko ninyi. Tulidaiwa kujua, na ninyi hakuna anayewadai. Hilo ni kosa letu wazee pamoja na maofisa wanaouliza bei ya kila kitu na kusahau kuuliza nakala zitabaki kwa nani.

Wakubwa wenyewe wanajihadhari. Aprili 2024 jeshi la anga za juu la Marekani lilitoa mkakati wa kufanya kazi na kampuni, na ndani yake likajionya lisitegemee muuzaji mmoja. Umoja wa Ulaya ukasaini Desemba 2024 ujenzi wa mtandao wake wa setilaiti 290, IRIS², ili usiombe wa wengine.

Mengine nayataja tu. GPS inayowarudisha wavuvi wetu mwaloni usiku inaendeshwa na jeshi hilohilo la Marekani. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unaibebesha kila nchi dhamana ya kampuni zake huko juu. Na Oktoba 2022 Urusi ilitamka katika Umoja wa Mataifa kwamba setilaiti za kibiashara zinazosaidia vita zinaweza kulengwa.

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kutazama ardhi, ni za bure, na setilaiti hizo hupita juu ya ziwa letu kila baada ya siku chache. Anzeni na Ghuba ya Mwanza, kutoka Kirumba hadi Kigongo. Mkishaona doa, chukueni mtumbwi mkalihakikishe kwa macho. Atakayekwama anitafute Nyegezi, nitakaa naye. Na atakayeajiriwa ofisi ya manunuzi asisaini mkataba wa picha ambao hautaji nakala zitahifadhiwa wapi, na nani wa kwetu atafundishwa kuzisoma.