Mjomba, hiyo lenzi itoe kabatini

Shikamoo Mjomba,

Nilipokuja Tanga kwenye arubaini ya Bibi ulinifungulia lile kabati la mvule, ukatoa mkoba wa ngozi, na ndani yake lenzi ya kamera ya milimita 50 uliyopigia picha harusi za nusu ya mtaa wa Ngamiani. Ukanionyesha kwamba haina hata mkwaruzo. Nikaimulika kwa tochi ya simu, nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kama mizizi ya mchicha. Nikanyamaza. Watu walikuwa wengi na moyo ulinikataa. Nakuambia leo, tena hadharani, maana makabati kama lako yamejaa kuanzia Mombasa hadi Mtwara.

Ile ni kuvu, Mjomba. Vijimbegu vyake vimo hewani kila mahali, hakuna aliyekuletea. Vinasubiri unyevu wa hewa upite kama asilimia 70, giza, na hewa iliyotuama. Unyevu huo masika inatuletea yenyewe. Hayo mawili mengine yameletwa na kufuli lako. Mkoba wa ngozi nao hunyonya unyevu na kukaa nao. Chakula cha kuvu ni kidogo tu: vumbi, mafuta ya vidole. Ikishakomaa hutoa asidi inayokula ule utando wa zambarau uliopakwa juu ya kioo, kisha kioo chenyewe. Ikifika hapo, fundi atasafisha lakini kovu litabaki, na ukipiga picha mwanga ukiwa mbele yako itatoka imefifia, kama umepigia ndani ya chandarua.

Ulifungia ili wajukuu wasiichezee, naelewa. Yangu ya milimita 85 niliipoteza hivyohivyo, masika moja tu ndani ya begi.

Basi leo fungua kabati. Mkoba utundike sebuleni uwe kumbukumbu, lenzi isirudi humo. Asubuhi itoe nje, vua vifuniko vyote viwili, fungua tundu lake la kupitisha mwanga mpaka mwisho, jua lipite ndani kwa nusu saa hivi. Ukae nayo hapo hapo! Lenzi hukusanya miale na inaweza kuwasha mkeka. Jua hudhoofisha kuvu, haling'oi nyuzi. Zile ziko ndani, zinataka fundi wa kufungua vioo, na kila mwezi unaochelewa unaongeza kovu. Mtu asikudanganye kumwagia spiriti kwa pembeni.

Pa kuilaza, tafuta kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, utie vifuko vya silika, zile punje za kunyonya unyevu. Ile ya punje za buluu ni nzuri, ikishiba maji hugeuka waridi, unaikausha kwenye oveni na kuirudisha. Mchele usitie, vumbi lake ni futari ya kuvu. Nitakuja na kipima unyevu kidogo cha kukaa humo ndani: tunataka asilimia 40 hadi 50. Ikishuka sana chini ya hapo, grisi ya lenzi nayo hukauka. Zile lenzi zako nyingine mbili zitenge na hii mpaka isafishwe.

Halafu itumie, Mjomba. Lenzi inayotoka nje kila wiki hupata mwanga na upepo. Mwisho wa mwezi nakuja na filamu mbili. Mama anataka umpige picha pale barazani, kwa lenzi hiyohiyo.